Kanga ina jina, mchoraji wake hana

Akili mnemba imeingia kwenye kazi ya kuchora na kubuni. Mwandishi wetu alijaribu kubuni doti moja ya kanga akiwa na mashine, kijana wa grafiki na shangazi yake. Haya ndiyo aliyojifunza.

Shangazi yangu alivaa miwani, akaishika simu kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika sahani ya moto, akaitazama picha ya kwanza. Hakusema kitu. Akasogeza ya pili, kisha ya tatu. Alipofika ya nne akacheka.

"Na huyu sungura mkubwa amefuata nini kwenye kanga?"

Hakuwa sungura, alikuwa kangaruu. Jioni ile nilikuwa nimeiomba programu ya akili mnemba inichoree kanga. Niliandika kwa Kiswahili, maneno machache tu: nataka kanga ya harusi, nyekundu na nyeusi na nyeupe, yenye jina. Ikanipa picha nne kabla chai haijapoa. Ya kwanza ilikuwa kitenge, michoro imejaa toka ukingo hadi ukingo bila pindo. Ya pili ilikuwa na pindo juu na chini, pembeni hakuna kitu. Ya tatu kwa kweli ilipendeza, ila pale panapokaa jina palikuwa na herufi zilizofanana na maandishi bila kuwa maandishi. Ya nne ndiyo hiyo ya kangaruu, mtoto mfukoni, amejikalia kwenye mji, ile sehemu ya katikati ya kanga, kama mwenye nyumba.

Nadhani najua alikotokea. Kwa wasomaji wa Kiingereza, Kanga ni jina la mama kangaruu katika hadithi za watoto za Winnie-the-Pooh. Mashine ilisikia neno letu, ikaenda kulitafuta nyumba ya jirani.

Shangazi alinirudishia simu. "Hizi si kanga, mwanangu. Hata hii ya tatu, ukimwambia mtu ni kitambaa cha meza atakubali."

"Ina kasoro gani, shangazi?"

"Haijasema kitu."

Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya nisiachie pale. Kwa wiki tatu zilizofuata, mimi, yeye, na kijana mmoja wa grafiki mwenye kameza kake Kariakoo tulijaribu kubuni doti moja kwa msaada wa mashine hiyo hiyo.

Kutoka kwenye chenga

Kwanza tuelewe mashine inafanya nini. Wengi hudhani ina ghala la picha, ukiiomba inachukua hapa na pale na kubandika. Sivyo inavyofanya kazi.

Waliokuwa na televisheni za zamani wanazikumbuka chenga: antena ikihama, picha inapotea na kubaki punje nyeupe na nyeusi zinazochemka. Mashine nyingi za kuchora za leo zimefunzwa kwa chenga. Mafundi huchukua picha halisi yenye maelezo yake, wakaimwagia chenga kidogo kidogo mpaka isionekane, kisha wakaifunza programu kurudi nyuma, yaani kubashiri chenga ipi iondolewe ili picha irejee. Zoezi hilo hurudiwa kwa mamilioni na mamilioni ya picha. Mwishowe unaweza kuipa chenga tupu pamoja na maneno, nayo ikasafisha hatua kwa hatua mpaka itokee picha ambayo haikuwahi kuwapo, lakini inayofanana na zile zilizowahi kuambatana na maneno hayo.

Kwa hiyo kila kitu kinategemea picha zilizotumika kufundishia na maelezo yaliyoandikwa chini yake. Mkusanyo mmoja mashuhuri, LAION-5B, uliotolewa mwaka 2022, una anwani za picha zipatazo bilioni 5.85 zilizookotwa kwenye intaneti. Kati yake, zipatazo bilioni 2.3 zina maelezo ya Kiingereza. Lugha nyingine zaidi ya mia moja zinagawana bilioni 2.2, na zilizobaki hazikutambuliwa lugha. Kiswahili kimo humo, kimebanwa kama abiria wa mwisho kwenye daladala.

Sasa fikiria nani ameweka picha za kanga kwenye intaneti na ameandika nini chini yake. Mara nyingi ni mtalii au muuza duka la ng'ambo, naye ameandika kitambaa cha Kiafrika, basi. Hakuandika kwamba kanga ya kisutu huvaliwa na bibi harusi, wala kwamba jina hukaa juu ya pindo la chini ili lisomeke mgongoni mwa mvaaji. Mashine haikunyimwa akili, ilinyimwa maelezo. Tukiona inachanganya kanga na kitenge tusicheke sana, maana hata vijana wetu wanachanganya.

Mchoraji wa mbali

Hapa ndipo historia ya kanga yenyewe ilinishangaza. Tunapozungumzia akili mnemba tunasema limekuja jambo jipya: kitu cha mbali, kisichojua lugha yetu, kinachora vitu vyetu. Kwa kanga, jambo hilo lina umri wa zaidi ya miaka mia moja.

Inaelezwa kwamba katikati ya karne ya 19 wanawake wa Pwani walinunua vitambaa vya leso, neno tulilolipata kwa Wareno, wakavikata na kuviunga sita kwa pamoja kupata vazi moja. Mombasa hadi leo wanasema leso pale Dar es Salaam wanaposema kanga. Palikuwa pia na nguo zilizogongwa michoro kwa mihuri ya mbao juu ya merikani, ile nguo ya pamba iliyopewa jina la ilikotoka, Marekani. Halafu, kuelekea mwisho wa karne hiyo, viwanda vya Ulaya vikaingia. Uholanzi, Uingereza na Uswisi walipiga chapa kanga kwa ajili ya soko la Zanzibar na mwambao. Baadaye wakaja Wahindi na Wajapani.

Mchoraji aliyekaa kwenye kiwanda cha Uholanzi huenda hakuwahi kumwona mwanamke wa Ng'ambo ya Zanzibar akijifunga kanga. Alipokea oda. Mfanyabiashara wa huku alituma vielelezo na maelekezo: pindo liwe hivi, michoro ya korosho iwe mikubwa, nyekundu ikolee, maneno yawe haya. Kule wakachora, wakapiga chapa, wakapakia melini. Mzigo ulipofika, mwanamke ndiye aliyekuwa hakimu. Akipenda, doti zinaisha kabla jua halijazama. Asipopenda, zinabaki dukani zikila vumbi, na mfanyabiashara anaandika barua nyingine.

Angalia mpangilio huo vizuri. Maneno yanatumwa mbali, mkono usiojua lugha unachora, picha inarudi, inakataliwa au inapokelewa, maneno yanarekebishwa na kutumwa tena. Ndicho nilichokuwa nakifanya na simu yangu mezani, ila barua ya wakati ule ilichukua miezi na yangu ilichukua dakika.

Pwani haikuupoteza usukani kwa sababu ilishika vitu viwili. Kwanza, oda ilitoka huku. Pili, maneno yalitoka huku. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mtaa wa Biashara, Mombasa, lililoanza mwaka 1887 na linalojulikana zaidi kwa chapa ya Mali ya Abdulla, ndilo linalotajwa kuanzisha desturi ya kuandika misemo kwenye kanga mwanzoni mwa karne ya 20. Mwanzo maneno yalikuwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye zikaja za Kirumi. Kiwanda cha mbali kiliweza kunakili herufi bila kujua zimesema nini. Aliyejua ni aliyeagiza na aliyevaa.

Baada ya uhuru kazi nayo ikaja nyumbani. Kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam kilizinduliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, na kanga na vitenge vyake vikavaliwa nchi nzima. Kwa muda, mchoraji, mpiga chapa na mvaaji waliishi mji mmoja. Leo doti nyingi za sokoni zinapigwa chapa India na China. Mkono umerudi mbali tena.

Kwenye meza ya Kariakoo

Kijana wa grafiki alipoiona picha yangu ya tatu hakucheka. Aliikuza kwenye skrini ya kompyuta mpaka ikawa vigae.

Upande mmoja wa kanga una urefu wa kama sentimita 150. Picha ambayo mashine ilinipa ilikuwa na nukta 1,024 kwa upana. Ukiitandaza picha hiyo kwenye kanga, kila nukta inakuwa na karibu milimita moja na nusu, sawa na punje ya ulezi. Mstari mwembamba wa pindo ungeonekana kama ngazi. Hilo lilikuwa tatizo la kwanza.

La pili lilikuwa rangi. Jicho langu liliona nyekundu, nyeusi na nyeupe. Kompyuta ilihesabu maelfu ya rangi: nyekundu inayoelekea zambarau, nyeusi yenye ukijivu, nyeupe yenye uchafu wa maziwa. Kwenye kupiga chapa nguo, kila rangi inataka chujio au silinda yake, na kila moja ni gharama. Kanga ni sanaa ya rangi chache. Uzuri wake umetokana na ubahili huo: rangi tatu, nne, tano, zinazogombana vizuri.

La tatu, pindo la mashine halikukutana kwenye kona. Upande wa kushoto korosho zilikuwa kumi na moja, kulia tisa. Mchoraji wa kanga huchora kipande kimoja cha pindo na kona moja, kisha akavirudia kwa hesabu mpaka mzunguko ujifunge. Mashine ilichora mfano wa kurudia bila kurudia kweli. Kwa mbali inadanganya, karibu inaumbuka.

Kijana hakuitupa picha. Alichukua kitu kimoja tu humo: ua la katikati, lililokuwa na petali zilizojikunja kwa namna ambayo yeye, kwa maneno yake, asingeifikiria. Akalichora upya kwa mkono, mstari kwa mstari, kwa rangi tatu halisi. Akachora kona moja ya pindo. Akairudia. Kisha akairudia mashine na kuiomba sio kanga nzima, bali aina ishirini za korosho peke yake, nyeusi juu ya nyeupe. Kati ya ishirini alichagua mbili, akazivunja, akazichanganya na moja aliyoikumbuka kutoka kanga ya mama yake.

Nilimtazama kwa saa nne. Kwa kadiri nilivyoona, muda ambao mashine ilichora haukufika dakika kumi. Muda uliobaki alikataa, alipunguza, alipima na alichora. Aliniambia kwamba mashine imemwondolea hofu ya karatasi tupu, lakini imemwongezea kazi ya kukataa. Zamani alimwonyesha mteja michoro miwili, mteja akachagua. Siku hizi mteja anafika na picha arobaini alizotengeneza mwenyewe usiku kwenye simu, na anauliza kwa nini bei haijashuka.

Waliokaa na mashine kabla yetu

Ushirika huu wa mtu na mashine una wazee wake. Harold Cohen, mchoraji Mwingereza aliyekuwa na jina Ulaya, alihamia California mwishoni mwa miaka ya 1960, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 akaanza kuandika programu ya kuchora aliyoiita AARON. Aliendelea nayo mpaka alipofariki mwaka 2016. AARON haikulishwa picha za watu. Kila ilichokijua, Cohen alikiandika kama kanuni: umbo lililofungwa ni nini, kitu kilicho mbele kinafichaje cha nyuma, mwili unasimamaje. Ilimbidi ajiulize yeye mwenyewe anachora vipi kabla ya kuifundisha. Katika miaka yake ya mwisho alirudi kupaka rangi kwa uamuzi wake juu ya michoro ambayo programu ilikuwa imeanzisha.

Mwaka 2019, kwenye maonyesho ya samani ya Milan, mbunifu Mfaransa Philippe Starck na kampuni ya Kartell walionyesha kiti kilichobuniwa kwa msaada wa programu ya Autodesk. Starck hakuiomba picha. Aliiwekea sharti: kiti kibebe mwili wa mtu kwa mali ghafi kidogo iwezekanavyo, na kiweze kumiminwa kiwandani kwenye kalibu. Programu ikapendekeza, yeye akakataa, ikapendekeza tena.

Kati ya hao wawili na mimi na simu yangu kuna tofauti moja kubwa. Wao walijua wanachokitaka kiasi cha kuweza kukitamka. Mimi niliandika maneno kumi na kitu, nikasubiri mwujiza, na mwujiza ukaja na kangaruu.

Mali ya nani?

Swali la umiliki lilifika mahakamani kabla halijafika Kariakoo. Mwaka 2022, Jason Allen wa Colorado, Marekani, alishinda kitengo cha sanaa ya kidijitali kwenye maonyesho ya jimbo lake kwa picha aliyoitengeneza kwa Midjourney, programu ya akili mnemba ya kuchora. Alipoomba hakimiliki, alieleza kwamba alitoa maelekezo yasiyopungua 624 mpaka kuipata. Septemba 2023 Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilimkatalia, kwa kuwa hakukubali kuiondoa kwenye ombi lake sehemu iliyozalishwa na mashine. Mapema mwaka huo huo, ofisi hiyo ilikuwa imeamua kuhusu kitabu cha katuni cha Kris Kashtanova: maneno na mpangilio wa kurasa ni kazi ya mtu na vinalindwa, picha moja moja za Midjourney hazilindwi. Januari 2025 ikaeleza msimamo wake kwa upana. Kuandika maelekezo peke yake hakutoshi. Kile ambacho mtu amekichora, amekibadilisha au amekipanga mwenyewe kinaweza kulindwa.

Si nchi zote zinazofuata njia hiyo. Novemba 2023, mahakama ya intaneti ya Beijing ilikubali kwamba picha iliyotokana na mashine ilikuwa kazi ya aliyeielekeza. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1988 inasema mtunzi wa kazi iliyozalishwa na kompyuta ni yule aliyefanya mipango ya lazima ili kazi hiyo itokee, na sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inabeba maneno ya aina hiyo hiyo.

Kwa mchoraji wa kawaida, fundisho la maamuzi na sheria zote hizi ni moja: utaulizwa ulifanya nini. Na jibu linataka ushahidi. Kijana wetu wa Kariakoo ana karatasi aliyochora ua lile kwa penseli. Ana faili zenye tarehe. Mteja mwenye picha arobaini kwenye simu hana hata mstari mmoja wa mkono wake.

Upande wa pili wa umiliki ni wa wale ambao picha zao zilitumika kufundishia. Machi 2025, mitandao ya jamii ilijaa picha za watu waliogeuzwa katuni kwa mtindo wa studio ya Kijapani ya Ghibli. Hata makundi yetu ya WhatsApp ya harusi hayakupona. Watu walifurahi, nami nilikuwamo. Lakini mtindo ule ulijengwa kwa miaka mingi na watu waliokuwa wakichora fremu moja moja kwa mkono, na hakuna hata mmoja wao aliyeombwa ruhusa na binamu yangu wa Mbagala.

Sisi tunalifahamu suala la kuiga kuliko tunavyojisifu. Edward Said Tingatinga alichora kwa miaka michache tu kabla ya kuuawa Dar es Salaam mwaka 1972, lakini mtindo wake unalisha familia hadi leo, kwa sababu ndugu na vijana waliomzunguka waliuiga, wakafundishana, wakaunda ushirika. Kuiga kule kulikuwa na uso. Mwigaji alimjua aliyemwiga, alikula naye, na faida ilizunguka mtaa ule ule. Ukiigwa na mashine, anayekuiga hakujui, na hela inapita juu ya kichwa chako kama ndege ya usiku.

Jina

Mchoro wetu ulipokaribia kukamilika, kilibaki kitu kile ambacho shangazi alikitaja siku ya kwanza. Kanga ilikuwa haijasema kitu.

Niliiomba mashine itunge majina kumi. Kiswahili chake kilikuwa sanifu, hakikuwa na kosa la sarufi hata moja. Kiliongea habari za upendo kuwa nuru, za moyo kuwa bustani, za leo kuwa mwanzo wa safari. Nilimsomea shangazi yote kumi. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Sasa hapo unamwambia nani?" akauliza.

Hapo ndipo nilipoelewa. Jina la kanga ni barua yenye anwani. "Japo sipati tamaa sikati" ina mtu wake. "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake" ina mtu wake, naye akiiona tu anajua ni yeye. Mwanamke hununua kanga kwa rangi, lakini huivaa siku fulani, mbele ya mtu fulani, kwa sababu ya jina. Mashine ilitunga maneno mazuri yasiyokwenda kwa mtu yeyote.

Shangazi alifikiri kama dakika mbili, akichambua mchele. Kisha akasema, bila kuinua uso:

"Andika: Umeniiga sura, mwendo hukuuweza."

Nilidhani ameisema mashine. Nikamsifu kwa hekima yake. Akanitazama kama mtu anayemwonea huruma mpumbavu. Kumbe alikuwa anamsema jirani yake, ambaye tangu mwezi wa Ramadhani amekuwa akishona magauni ya mtindo ule ule kama yake. Mashine hakuwa na habari nayo.

Mizani saba kwa saba, anwani ipo, na mwiba upo. Kijana wa grafiki alilipanga jina lile juu ya pindo la chini kwa herufi kubwa, akaacha nafasi pande zote mbili. Ikawa kanga.

Tulichapisha sampuli moja ya karatasi, kubwa kama kanga yenyewe, tukaitandika kitandani kwa shangazi. Alizunguka kitanda mara mbili. Akauliza bei ya doti. Nikamwambia bado hatujapata wa kuipiga chapa. Akauliza tena swali ambalo sikulitarajia: "Na huyo kijana, jina lake limekaa wapi?"

Tulikwenda kwenye kabati la shangazi, tukatoa kanga zake zote, za miaka na miaka, na kuzitazama kwenye ukingo pale panapoandikwa herufi ndogo. Tuliona majina ya wafanyabiashara. Tuliona majina ya viwanda na ya nchi. Tuliona namba za michoro. Hatukuona jina la mchoraji hata mmoja.

Tunalalamika leo kwamba akili mnemba inafuta jina la msanii, na malalamiko hayo ni ya haki. Lakini kwenye nguo tunayoijua kuliko zote, inayotupokea tukizaliwa na kutufunika tukifa, jina hilo kwa kawaida haliandikwi. Waliogonga mihuri ya mbao hatuwajui. Waliochora Uholanzi na Japani hatuwajui. Hata waliochora Urafiki, hapa hapa Ubungo, wengi wetu hatuwezi kumtaja mmoja. Mashine imekuta mlango wazi, na tuliouacha wazi ni sisi.

Kuufunga si kazi kubwa. Mwenye duka anayeagiza michoro anaweza kuongeza mstari mmoja kwenye ukingo: umechorwa na fulani. Mchoraji anaweza kutunza karatasi zake za mwanzo, aandike tarehe, aseme wazi wapi mashine ilimsaidia na wapi mkono wake ulifanya kazi, na asajili kazi yake kwenye ofisi ya hakimiliki, COSOTA ya Tanzania au, kwa walio Kenya, KECOBO. Wenye makabati ya kanga za zamani wanaweza kuzipiga picha na kuandika chini yake, kwa Kiswahili, jina lake, mwaka wake, na ilivaliwa kwa nini, ili mashine ya kesho isije ikatuletea kangaruu tena.

Nawe msomaji, ukinunua doti wiki hii, kabla hujaikata na kuipinda, soma zile herufi ndogo za ukingoni. Usipoona jina la aliyeichora, muulize mwenye duka. Akiulizwa na mmoja atacheka. Akiulizwa na mia, ataandika.